Walinzi wa Mji: Elimu ya Wayahudi wa Zamani

Wazee watatu wafika mjini

Ndugu msomaji, tuanze somo letu kwa hadithi.

Zamani sana, miaka kama 1,700 iliyopita, wazee watatu walikuwa wakisafiri katika nchi ya Wayahudi. Wazee hao walikuwa wataalamu wa dini. Mkuu wa Wayahudi alikuwa amewatuma wazunguke kutoka mji hadi mji. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba kila mji una mwalimu wa watoto.

Siku moja walifika katika mji usiokuwa na mwalimu hata mmoja. Wakawaambia wenyeji wawaletee walinzi wa mji. Wenyeji wakaenda, wakawaleta askari wa zamu. Wazee wakasema hao siyo walinzi wa mji. Wenyeji wakauliza, basi walinzi wa mji ni akina nani? Wazee wakajibu kwamba walinzi wa mji ni walimu.

Hadithi hii imeandikwa katika Talmudi. Talmudi ni mkusanyiko mkubwa wa mafundisho na mazungumzo ya wataalamu wa Kiyahudi wa kale.

Watu hawa walifikaje kwenye wazo hilo? Kwa nini mwalimu wa kufundisha herufi ahesabiwe kuwa mlinzi kuliko mwenye mkuki? Jambo hili halikuanza siku moja. Lilichukua mamia ya miaka. Katika somo hili tutafuata njia hiyo hatua kwa hatua.

Kabla hatujaendelea, kumbuka jambo moja. Utakuta maneno "kabla ya Kristo". Miaka hiyo huhesabiwa kurudi nyuma. Kwa hiyo mwaka 586 kabla ya Kristo ulitangulia mwaka 538 kabla ya Kristo.

1. Baba alikuwa mwalimu

Hapo kale Waisraeli walikuwa wakulima na wafugaji. Walilima ngano na shayiri. Walitunza mizabibu na mizeituni. Walichunga kondoo na mbuzi. Watoto wengi hawakuwa na shule ya kwenda. Shule yao ilikuwa nyumbani na shambani.

Baba alimfundisha mtoto wa kiume kazi yake. Mama alimfundisha binti kazi za nyumbani, kusokota nyuzi na kufuma nguo. Usiku wazee walisimulia habari za mababu. Torati, yaani sheria ya Musa, iliwaamuru wazazi wawafundishe watoto wao maagizo ya Mungu, wakiwa nyumbani na wakiwa njiani. Kufundisha kulikuwa wajibu wa mzazi, kama vile kulisha na kuvisha.

Baadaye wataalamu waliorodhesha wajibu wa baba kwa mwanawe. Amfundishe Torati. Amfundishe kazi ya mikono. Amtafutie mke. Wengine waliongeza kwamba amfundishe pia kuogelea, maana maji huua asiyejua. Mtaalamu mmoja alisema kwamba baba asiyemfundisha mwanawe kazi ni kama anamfundisha wizi.

Je, watu wa nyakati hizo walijua kusoma? Wachache tu walijua. Hao walikuwa hasa makarani, makuhani na watu wa mfalme. Lakini dalili zipo kwamba maandishi yalianza kuwafikia wengine pia. Tutazame mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni kijiwe kidogo kinachoenea kiganjani. Kilichimbuliwa mwaka 1908 katika mji wa kale wa Gezer. Kiliandikwa miaka kama 2,900 iliyopita. Maandishi yake yanataja kazi za shamba kwa mwaka mzima, mwezi baada ya mwezi: miezi ya kuvuna matunda, miezi ya kupanda, mwezi wa kukata kitani, mwezi wa kuvuna shayiri, miezi ya kutunza mizabibu. Wataalamu wengine hudhani kwamba kiliandikwa na mwanafunzi aliyekuwa akijizoeza kuandika. Kama ni hivyo, basi mwanafunzi huyo alijifunza kuandika kwa kutumia mambo ya mkulima.

Mfano wa pili ni barua ya askari. Mwaka 1935 wachimbaji walipata barua katika magofu ya mji wa Lakishi. Ziliandikwa kwa wino juu ya vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika. Ziliandikwa miaka ile majeshi ya Babeli yalipokuwa yakiivamia nchi. Katika barua moja, askari aitwaye Hoshayahu anamjibu mkubwa wake. Inaonekana mkubwa huyo alikuwa amemwambia kwamba hajui kusoma. Askari anaapa kwamba hajawahi kuhitaji mtu wa kumsomea barua. Anasema barua yoyote ikimfikia huisoma mwenyewe.

Ndugu msomaji, barua hiyo ina zaidi ya miaka 2,500. Lakini wewe unaweza kuelewa jinsi askari yule alivyojisikia. Kuambiwa mbele ya watu kwamba hujui kusoma ni jambo linalochoma moyo.

2. Watu wasomewa sokoni na uwanjani

Mwaka 586 kabla ya Kristo, mfalme Nebukadneza wa Babeli aliuteka mji wa Yerusalemu. Hekalu lilichomwa moto. Watu wengi walichukuliwa mateka mpaka Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Sasa Wayahudi hawakuwa na mfalme wala hekalu. Kilichowaunganisha kilikuwa mafundisho yao na maandishi yao.

Mwaka 538 kabla ya Kristo, Koreshi mfalme wa Uajemi aliwaruhusu kurudi. Miaka mingi baadaye alirudi pia mtu mmoja jina lake Ezra. Ezra alikuwa kuhani na mwandishi hodari. Biblia inasimulia kwamba aliwakusanya watu uwanjani karibu na lango moja la Yerusalemu. Walikuja wanaume, wanawake na wote walioweza kuelewa. Ezra alisimama juu ya jukwaa la mbao. Akasoma Torati tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Wasaidizi wake walipita katikati ya watu wakiwaeleza maana ya yaliyosomwa.

Tazama vizuri jambo hili. Kitabu kilitolewa mikononi mwa makuhani kikasomwa mbele ya watu wote. Tena hakikusomwa tu, kilielezwa. Kusoma bila kuelewa hakumsaidii mtu.

Wayahudi husema pia kwamba desturi ya kusoma Torati siku ya Jumatatu na siku ya Alhamisi iliwekwa na Ezra. Siku hizo watu wa vijijini walikuja mjini sokoni. Mkulima aliuza mazao yake, akasikia na mafundisho. Hakulazimika kufunga safari mara mbili. Desturi ya kusoma Jumatatu na Alhamisi inaendelea katika masinagogi hata leo.

Polepole yakaanza kujengwa masinagogi. Sinagogi ni nyumba ya kukusanyikia, kusali na kujifunza. Kuna jiwe moja lililopatikana Yerusalemu mwaka 1913. Limeandikwa kwa Kigiriki. Linasema kwamba mtu aitwaye Theodotos alijenga sinagogi kwa ajili ya kusoma sheria na kufundisha amri. Alijenga pia vyumba na mahali pa maji kwa ajili ya wageni waliotoka mbali. Jiwe hilo lilichongwa kabla ya mwaka 70, wakati hekalu la pili lilipokuwa bado limesimama.

3. Nani atamfundisha yatima?

Sasa tumefika kwenye swali gumu kuliko yote katika somo letu.

Kama mwalimu ni baba, mtoto asiye na baba atafundishwa na nani? Na kama baba mwenyewe hajui kusoma, atamfundisha mwanawe nini?

Talmudi inasimulia jinsi Wayahudi walivyolishughulikia swali hilo. Inasema kwamba hapo mwanzo mwenye baba alifundishwa na baba yake. Asiye na baba hakufundishwa.

Wakaona jambo hilo si haki. Wakaweka walimu katika mji wa Yerusalemu. Lakini tatizo halikwisha. Mwenye baba alipelekwa Yerusalemu. Asiye na baba alibaki nyumbani, maana hakuwa na wa kumpeleka.

Wakajaribu tena. Wakaweka walimu katika kila wilaya. Vijana waliingia wakiwa na umri wa miaka 16 au 17. Hapo likazuka tatizo jingine. Kijana wa umri huo akigombezwa na mwalimu, aliasi akaondoka zake. Alikuwa ameshakuwa mkubwa kabla hajaanza kujifunza nidhamu ya darasa.

Ndipo akaja Yoshua ben Gamla. Neno "ben" katika Kiebrania ni sawa na "bin" katika Kiswahili. Yoshua alikuwa kuhani mkuu kabla tu ya vita kati ya Wayahudi na Warumi vilivyoanza mwaka 66. Aliamuru walimu wawekwe katika kila wilaya na kila mji. Watoto waingie shule wakiwa na umri wa miaka 6 au 7.

Yoshua aliuawa vitani. Mwaka 70 Warumi waliuchukua Yerusalemu na kuliteketeza hekalu. Bila shaka agizo lake halikutimizwa kila mahali mara moja. Nchi ilikuwa imeharibika na watu walikuwa maskini. Shule za watoto zilienea polepole katika miaka mamia iliyofuata. Lakini wazo lilikuwa limekwisha kupandwa. Talmudi inasema kwamba Yoshua akumbukwe kwa wema, maana bila yeye elimu ingesahauliwa katika Israeli.

Tuangalie tena hatua zile. Kila mara watu walijaribu njia, wakaona ni nani aliyeachwa nje, wakajaribu njia nyingine. Kwanza aliachwa yatima wa kila mahali. Halafu aliachwa yatima wa mbali na mjini. Halafu walipotea vijana walioanza wakiwa wamechelewa. Mwishowe shule ikaletwa karibu na mtoto, badala ya mtoto kuifuata shule mbali.

4. Kanuni za shule

Baada ya mwaka 70 wataalamu walianza upya. Mmoja wao, Yohanan ben Zakkai, aliongoza wanafunzi katika mji wa Yavne. Hekalu halikuwepo tena, lakini vitabu na walimu walikuwepo. Mnamo mwaka 200, mafundisho yaliyokuwa yakikaririwa kwa mdomo yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Mishna. Mkusanyaji wake alikuwa Yehuda, mkuu wa Wayahudi wakati huo.

Wayahudi wengine walikaa Babeli. Huko nako kulikuwa na walimu wakubwa. Katika Talmudi kuna kanuni za shule ambazo zinapendeza kusoma hata leo. Hizi ni baadhi yake:

Idadi ya wanafunzi. Mwalimu mmoja afundishe watoto 25. Wakifika 40, apewe msaidizi, na mji usaidie kumlipa. Wakifika 50, wawekwe walimu wawili.

Njia ya kwenda shule. Mtoto asipelekwe kila siku shule ya mji mwingine. Aweza kupelekwa shule nyingine katika mji ule ule. Lakini kama kuna mto katikati, asivushwe, ila kama kuna daraja imara. Daraja la ubao mwembamba halifai.

Adhabu. Mwalimu akilazimika kumpiga mtoto, asimpige ila kwa kamba ya kiatu. Na mtoto asiyeelewa asifukuzwe. Aachwe akae pamoja na wenzake, huenda siku moja akaelewa.

Kelele. Jirani hakuruhusiwa kuizuia shule ya watoto kwa sababu ya kelele zao. Kelele za watu wanaoingia na kutoka dukani aweza kuzilalamikia, lakini siyo sauti za watoto wanaosoma.

Kutokatiza masomo. Walisema masomo ya watoto yasikatizwe hata kwa ajili ya kulijenga upya hekalu.

 Kanuni hizo ziliwekwa na watu ambao taifa lao lilishindwa vita na kupoteza hekalu lake.

Kuna hadithi ya mwalimu mmoja wa Babeli, Samuel bar Shilat. Siku moja mkubwa wake alimkuta amesimama katika bustani yake saa za kazi. Akamwuliza kama ameiacha kazi yake ya uaminifu. Samuel akajibu kwamba alikuwa hajaiona bustani ile kwa muda wa miaka 13. Na hata saa ile, mawazo yake yalikuwa kwa watoto.

5. Darasani

Hebu tuingie katika darasa la wakati huo. Mara nyingi darasa lilikuwa ndani ya sinagogi, au katika chumba kando yake, au nyumbani kwa mwalimu. Watoto walikaa mbele ya mwalimu. Vitabu vilikuwa magombo ya ngozi, na vilikuwa ghali sana. Kwa hiyo mwalimu aliandika herufi juu ya kibao, na wanafunzi walizisoma kwa sauti.

Herufi za Kiebrania ni 22. Huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama herufi za Kiarabu. Ya kwanza ni alef, ya pili ni bet. Wasomaji waliosoma chuoni watakumbuka alifu na be za Kiarabu. Herufi hizo ni ndugu. Zote zimetoka katika ukoo mmoja wa maandishi ya kale. Wagiriki nao walichukua herufi kutoka ukoo huo. Wao walisema alfa na beta. Ndipo lilipotoka neno "alfabeti".

Alef maana yake ni ng'ombe, na bet maana yake ni nyumba. Chukua herufi A kubwa uigeuze juu chini. Utaona kichwa cha ng'ombe na pembe zake mbili. Kwa hiyo hata sisi tunapoandika A, tunatumia alama ya wafugaji wa kale.

Mtoto akishajua herufi alisoma Torati. Kwa kawaida wanafunzi walianza na kitabu cha Mambo ya Walawi. Walisoma kwa sauti ya kuimba ili maneno yakae kichwani. Baadaye waliotaka kuendelea walijifunza Mishna. Masomo ya juu yalifanyika katika nyumba za wataalamu, na huko mwanafunzi alitakiwa kuuliza na kubishana. Hillel, mwalimu mashuhuri aliyeishi Yerusalemu kabla hekalu halijateketezwa, alifundisha kwamba mwenye haya hawezi kujifunza, na mwenye hasira hawezi kufundisha.

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimwendea Hillel akitaka kujifunza kitabu tu, bila maelezo ya mdomo ya walimu. Siku ya kwanza Hillel akamfundisha herufi kwa mpangilio wake. Siku ya pili akazigeuza. Yule mtu akalalamika kwamba jana hakufundishwa hivyo. Hillel akamwonyesha kwamba hata kujua ipi ni alef kulimlazimu amwamini mwalimu. Basi na aamini pia maelezo yake.

6. Mchungaji aliyeanza akiwa na miaka 40

Tumesema habari za watoto. Je, mtu mzima?

Mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa Wayahudi ni Akiba ben Yosef. Inasimuliwa kwamba alikuwa mchungaji wa mifugo ya tajiri mmoja. Alifika umri wa miaka 40 bila kujua herufi hata moja.

Siku moja alisimama kando ya kisima. Akaona jiwe lililochimbika. Akauliza, nani amelichimba jiwe hili? Akaambiwa ni maji yanayolidondokea kila siku. Akiba akafikiri. Kama maji laini yanaweza kulichimba jiwe gumu, basi mafundisho nayo yanaweza kuingia moyoni mwake.

Akamchukua mwanawe mdogo, wakaenda pamoja kwa mwalimu wa watoto. Akiba akashika upande mmoja wa kibao, mwanawe akashika upande wa pili. Mwalimu akamwandikia alef na bet. Akajifunza. Akaendelea mpaka akamaliza herufi zote, kisha akasoma Torati.

Hakuwa na fedha. Kila siku alikata mzigo wa nyasi kavu. Nusu aliuza apate chakula. Nusu aliwasha moto ili asome usiku. Majirani wakamlalamikia kwamba moshi unawaumiza. Wakamtaka awauzie nyasi zote anunue mafuta ya taa. Akawajibu kwamba hawezi, kwa sababu nyasi hizo humpa mwanga wa kusomea, humpa joto, na pia hulalia juu yake.

Mke wake alivumilia umaskini huo pamoja naye. Wanasema baba yake, yule tajiri, alimkataa kwa sababu aliolewa na mtu asiyejua kusoma. Miaka mingi baadaye Akiba alirudi na wanafunzi wengi sana. Mke wake alipokuja kumlaki, wanafunzi walitaka kumsukuma kando. Akiba akawakataza. Akawaambia kwamba elimu yake na elimu yao yote ni mali ya mama huyo.

Hadithi hizi ziliandikwa miaka mingi baada ya kifo cha Akiba, na zinasimuliwa kwa namna mbalimbali. Lakini Akiba mwenyewe alikuwepo, na mafundisho yake yamejaa katika Mishna. Warumi walimwua karibu na mwaka 135. Wayahudi waliendelea kuwasimulia watoto wao kwamba mwalimu wao mkubwa alianza na alef akiwa mtu mzima, ameketi pamoja na mwanawe.

7. Walioachwa nje: wanawake

Ni lazima tuseme kweli yote. Shule zile zilikuwa kwa wavulana. Wataalamu walibishana juu ya wasichana. Ben Azzai alisema baba anapaswa kumfundisha binti yake Torati. Mtaalamu mwingine, Eliezer, alipinga kwa ukali. Kwa muda mrefu wengi walifuata mawazo ya Eliezer. Wanawake wachache tu walisifiwa kwa elimu, kama Beruria, ambaye Talmudi inataja ujuzi wake wa sheria.

Kutojua kusoma kulimletea mwanamke nini? Tunaye shahidi. Mwaka 1961 wachimbaji waliingia katika pango karibu na Bahari ya Chumvi. Humo walikuta mfuko wa ngozi wenye hati 35. Mwenye hati hizo alikuwa mwanamke Myahudi aitwaye Babatha. Aliishi karibu na mwaka 130.

Babatha alikuwa na mashamba ya mitende. Mume wake wa kwanza alikufa akamwachia mtoto mdogo. Walezi walioteuliwa kutunza mali ya mtoto walitoa pesa kidogo mno ya matunzo. Babatha akawapeleka mahakamani. Hakuogopa. Lakini katika hati yake moja imeandikwa kwamba mtu mwingine ameandika kwa niaba yake, kwa sababu yeye hajui herufi.

Fikiri, ndugu msomaji. Mama huyu alitunza kila karatasi yake kwa uangalifu. Alijua kwamba haki yake imo ndani ya maandishi. Lakini ilimbidi amwamini mtu mwingine amwambie maandishi yanasema nini. Vita vya mwaka 132 mpaka 135 vilipotokea, hati zake zilifichwa pangoni. Hazikuchukuliwa tena mpaka zilipopatikana baada ya miaka zaidi ya 1,800.

8. Kila mmoja amfundishe mwenzake

Kuna mtaalamu mwingine aitwaye Hiya, aliyeishi karibu na mwaka 200. Alihofu kwamba elimu ingepotea. Alisema yeye hupanda kitani. Kutokana na kitani hufuma nyavu. Kwa nyavu hunasa paa. Nyama huwapa mayatima. Ngozi huzitengeneza, kisha huandika juu yake vitabu vitano vya Torati. Halafu huenda katika mji usio na mwalimu. Huwafundisha watoto watano, kila mtoto kitabu kimoja. Huwafundisha wengine sita, kila mmoja sehemu moja kati ya sehemu sita za Mishna. Akiondoka huwaagiza kwamba, mpaka atakaporudi, kila mmoja amfundishe mwenzake alichojifunza.

Kazi ilianza na mbegu ya kitani ikaishia kwa watoto wanaofundishana. Hakungoja mtu alete karatasi kutoka mbali.

Huko Babeli nako walikumbuka watu wenye kazi. Kila mwaka ilitengwa miezi miwili ya mafunzo, mmoja mwisho wa majira ya baridi na mmoja mwisho wa majira ya joto. Katika miezi hiyo watu walikusanyika kwa wingi katika shule kuu, wakajifunza pamoja, kisha wakarudi makwao.

Tunajifunza nini?

Sasa turudi kwa wazee wale watatu na mji wao usio na mwalimu. Tumeona kwa nini walisema mwalimu ndiye mlinzi. Askari wa Yerusalemu walishindwa mwaka 586 kabla ya Kristo. Walishindwa tena mwaka 70. Kuta zilianguka, hekalu liliungua. Lakini mafundisho hayakupotea, kwa sababu yalikuwa vichwani mwa watoto na mikononi mwa waliojua kusoma.

Tumeona pia kwamba watu hao hawakukamilika. Waliwakumbuka mayatima lakini wakawasahau mabinti. Kila jamii ikijenga shule ni lazima ijiulize swali lile lile: nani bado yuko nje?

Maneno ya kukumbuka

Torati: vitabu vitano vya sheria ya Musa.
Sinagogi: nyumba ya Wayahudi ya kusali na kujifunza.
Gombo: kitabu cha kale kilichokunjwa kama mkeka.
Kigae: kipande cha chungu kilichovunjika.
Hati: karatasi ya mapatano, ya shamba au ya mahakama.
Yatima: mtoto aliyefiwa na baba au mama.

Maswali

1. Wazee watatu walisema walinzi wa mji ni nani? Kwa nini?
2. Kwa nini shule za Yerusalemu peke yake hazikumsaidia yatima?
3. Mwalimu mmoja alitakiwa kufundisha watoto wangapi?
4. Kwa nini Torati ilisomwa Jumatatu na Alhamisi?
5. Akiba alijifunza nini kutokana na jiwe la kisimani?
6. Kwa nini mtu mwingine alimwandikia Babatha?

Ya kujadili darasani

Katika kijiji chetu, ni watu gani ambao bado hawajafikiwa na kisomo? Ni kitu gani kinawazuia: mto, kazi, aibu, au kukosa mtu wa kuwapeleka? Tufanye nini?

Kazi ya kuandika

Andika majina ya miezi 12. Mbele ya kila mwezi andika kazi moja ya shamba inayofanyika kwako, kama alivyofanya mwandishi wa kijiwe cha Gezer. Ukimaliza, msomee mtu mmoja nyumbani. Kama hajui kusoma, mwonyeshe herufi ya kwanza ya jina lake.